Rili Aliyoichagua Mzee Ngeleja

Nimeuza nyavu, ndoano na mishipi hapa Lamadi kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kupata mteja anayechagua kitu polepole kama Magese. Wengine huingia dukani, huonyesha kwa kidole, hulipa na kuondoka. Magese alikuwa akiomba kitu, anakigeuza, anakinusa hata, anakirudisha, anaondoka mikono mitupu, na kesho yake anarudi kukigeuza tena. Mwanzoni alinikera. Siku moja nikamwuliza, "Wewe, hiyo ndoano unainunua au unaichumbia?" Akacheka kwa aibu, akanunua mbili.

Alikuwa mvuvi wa mshipi wa mkono. Hakuwa na wavu wala injini, alikuwa na mtumbwi mdogo wa kasia na viganja vyake viwili, basi. Sangara wa kilo kumi na tano alimvuta kwa viganja hivyo hadi kwenye mtumbwi, akapiga kasia hadi ufukweni alikokuwa akisubiriwa na mkewe Kabula na beseni lake. Kabula ni mtoto wa wafugaji wa Kimali, kule Meatu. Kabla ya kuolewa alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya lambo la kunyweshea ng'ombe, lakini ndani ya mwaka mmoja alikuwa anapara samaki kuwashinda wanawake waliozaliwa hapa. Wakapata mtoto wa kike, Milembe. Nilimpenda yule binti, nasema wazi, na ndiyo maana habari hii inanichoma hadi leo.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, sangara mkubwa alikimbia na mshipi ukiwa umemzunguka Magese vidole viwili vya mkono wa kulia. Mshipi wa nailoni ukivutwa namna ile hukata mpaka mfupa. Alifika ufukweni mkono umeviringishwa kwenye shati, kidonda kikaingia usaha, na mwishowe hospitali ikabidi waviondoe vidole vyote viwili, cha shahada na cha kati. Aliporudi alikuwa na dole gumba, na vile viwili vya mwisho. Kiganja hakikuweza tena kuushika mshipi wenye samaki.

Nyumba ya mvuvi asiyevua haichukui muda kuporomoka. Ilipofika mwezi wa kumi, baba yake Kabula, mzee Ngeleja, alikuja kutoka Kimali. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa na baba mdogo wa Magese, akamwambia kwamba binti na mjukuu watakwenda Kimali wapate maziwa, na kwamba mume akiweza tena kulisha nyumba aje awachukue. Akatoa muda mpaka watu wamalize kuvuna pamba mwaka unaofuata. Pamba ikiisha na hali ni ileile, ng'ombe wa mahari watarudishwa. Kwetu ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha, hakuna mahakama inayohitajika.

Magese hakubisha neno. Alimbeba Milembe mpaka stendi, akampandisha kwenye basi la Bariadi, akapita dukani kwangu akiwa amekunja uso, akasema, "Mama Ng'washi, naomba nione zile rili."

Niliwahi kuwa na rili mbili kwenye kabati la kioo. Hapa kwetu wanaozijua ni wachache, wengi huona ni mchezo wa wageni. Ni mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Unazungusha mkono wake, mshipi unajikunja kwenye bobini, na samaki akikimbia, breki yake inamwachia mshipi kidogo kidogo mpaka achoke. Kazi ya kiganja inafanywa na mashine. Magese alizijua kwa sababu ujanani aliwahi kuwapigia kasia wageni wa kambi moja huko ziwani, na walikuwa wanamwachia ajaribu.

Moja ya rili zangu ilikuwa kubwa, ya rangi ya dhahabu, ndani ya boksi lenye maandishi mengi. Nyingine ilikuwa ndogo, nyeusi, haina boksi wala maneno. Ile ya dhahabu ilikuwa imenikalia kwenye kabati mwaka wa pili, inakula vumbi.

Wiki nzima alikuja kuzipima, na mimi muuzaji ndiye niliyefundishwa. Alianza kwa kuweka rili sikioni na kuzungusha mkono wake polepole. "Sikiliza, mama." Nyeusi ilikuwa kimya. Ya dhahabu ilikuwa inasaga kwa mbali, utadhani imeingiwa na mchanga. Akaushika ule mkono wa kuzungushia, akautikisa huku na huku. Wa nyeusi ulitulia, wa dhahabu ulicheza. Akafungua na kufunga ule waya wa juu unaouachia mshipi, mara ishirini, mara thelathini, mpaka wateja wengine wakaanza kuguna. Mwisho akafunga mshipi kwenye kitasa cha mlango wangu, akakaza breki, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Nyeusi iliutoa mshipi taratibu, bila kushtuka. Ya dhahabu iling'ang'ania, ikaruka, ikang'ang'ania tena.

"Hii itakata mshipi samaki akikimbia," alisema. "Watu wanadhani uzito ndio uimara. Uzito ni wa mkono wangu kubeba."

Halafu akaomba bisibisi, akahamisha ule mkono wa rili nyeusi kutoka kushoto kwenda kulia, akashika fimbo kwa mkono wake mzima wa kushoto, na kwa dole gumba na vidole viwili vilivyobaki akazungusha. Ilizunguka bila kumsumbua. Alijaribu na ya dhahabu, nikaona uso unamkunjamana, na ngozi ile mpya ya kovu ikawa nyeupe.

"Hii nyeusi ndiyo itakayomrudisha Kabula," alisema, kisha akainama kwa haya, maana alikuwa amesema jambo la moyoni mbele ya mtu mzima.

Nikaiweka nyeusi chini ya kaunta, nikamwambia ni yake, asiwe na haraka. Akaanza kubeba magunia ya dagaa ufukweni ili aipate. Kama tungeachwa hivyo, leo nisingekuwa naandika.

Lakini Kabula, aliyesikia kwa Magese kwenye simu, alimweleza baba yake habari za mashine. Alitaka kusaidia, maskini. Na mzee Ngeleja, ambaye watu hapa wanamsema vibaya bila kumjua, aliuza dume lake mnadani na mwezi wa kwanza akaja Lamadi mwenyewe kumnunulia mkwe wake. Baba wa mke kumpa mkwe kitu ni jambo kubwa. Kwa kawaida mali hutoka kwa mkwe kwenda kwake. Alikuwa amejivunjia heshima kidogo kwa ajili ya binti yake, na nilimheshimu kwa hilo.

Mimi ni mzaliwa wa Mkula, najua mambo ya ukwe yalivyo. Mkwe hali sahani moja na baba wa mkewe. Hamtazami usoni, hamwiti jina, hapingi neno lake. Akitumwa anakwenda, akipewa anapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Na baba naye hamlazimishi mkwe kusema, wala hamkaripii. Kila mmoja anamchunga mwenzake asiaibike. Ukitaka kujua heshima, hiyo ndiyo. Ukitaka kujua watu wawili wema wanavyoweza kuumizana bila kukusudia, ni hiyohiyo.

Mzee Ngeleja aliingia asubuhi, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi. Magese, aliyekuja nyuma yake, alibaki mlangoni, amesimama upande, macho kwenye sakafu.

"Mwangaluka mayu," mzee alinisalimu kwa Kisukuma, mayu yaani mama.

"Mwangaluka baba. Mhola?"

"Mhola duhu. Nimesikia una mashine za kuvulia, zinazomfaa mtu aliyeumia mkono. Hebu nizione."

Nikaitoa ya dhahabu kabatini, nikaitoa na nyeusi chini ya kaunta, nikaziweka mbele yake pamoja. Akazibeba moja moja kwenye kiganja, akipima uzito kwa utulivu wa mtu aliyenunua ng'ombe maisha yake yote. Ya dhahabu ilipokaa mkononi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mayu," akaniambia, na Magese yuko hatua tatu tu kutoka pale, "muulize mkwe wangu anaona ipi."

Nikageuka. "Magese, baba anauliza unaona ipi."

Nilimwona akiinua macho, yakaenda moja kwa moja kwenye ile nyeusi. Yakakaa hapo. Nikasema moyoni, sema, kijana, sema neno moja tu. Akayashusha.

"Atakayoona baba," alisema.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi yangu. Nikasema, "Mzee, hata hii ndogo ni nzuri sana. Ni nyepesi kwa mkono wake."

Mzee Ngeleja akaitazama nyeusi, akanitazama mimi, akacheka kidogo. "Mayu, nitoke Kimali mpaka hapa, nikamnunulie mkwe wangu kitu hiki? Ndugu zake wakiuliza baba mkwe amekupa nini, atoe hiki mfukoni? Mimi sipendi kumdharau. Nifungie hiyo kubwa."

Nikamtazama Magese. Alinitikisia kichwa, kidogo sana, kwamba ninyamaze. Na hapa lazima niseme ukweli wote, ingawa unaniuma. Kinywa changu hakijawahi kuogopa mtu hapa Lamadi. Nimegombana na madereva, na wachuuzi, na mume wangu marehemu mbele ya mashemeji. Siku ile ningeweza kusema, mzee, hiyo kubwa ni mbovu. Lakini nilikuwa naipenda nafasi ya kuiona ikitoka kabatini. Heshima yao ikanipa kisingizio, nikaifunga.

Magese aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. "Wabeja baba," alimshukuru. Mzee akatoka nje akiwa na furaha halali kabisa, akapanda basi la saa nne kurudi kwao.

Wiki za mwanzo mambo hayakuwa mabaya. Alipata sato wa kula, akapata sangara wadogo wawili watatu. Alikuwa anasimama kwenye miamba asubuhi na mapema, anarusha chambo mbali, anakunja. Lakini sangara wa kuuza, wa kujaza beseni, ndiye aliyekuwa akihitajika, na kila alipomnasa mkubwa yalikuwa ni yaleyale aliyoyaona dukani kwangu. Samaki anakimbia, breki inang'ang'ania, inaruka, mshipi unakatika. Alipoteza samaki, akapoteza ndoano, akapoteza mshipi mita kwa mita. Jioni mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa kuzungusha lile zigo, na wa kushoto ulikuwa umekakamaa kwa kulishikilia.

Aliniletea niifungue. Nikaifungua, nikaipaka grisi, nikaona meno yake ya ndani ni ya plastiki na yameanza kulika. Nikaifunga, nikaenda chini ya kaunta, nikamwekea nyeusi mbele yake.

"Chukua. Leo hii. Usinipe kitu."

"Haiwezekani, mama."

"Nimesema bure!"

"Nimesikia. Baba akija akaniona na nyingine, nitamwambia nini? Kwamba alichonipa hakikufaa? Aliuza dume lake."

"Basi tumia hii asubuhi, akija toa ile ya dhahabu!"

"Niwe namdanganya baba wa mke wangu?"

Nilimtukana. Nilimwambia yeye ni mjinga, kwamba heshima hailiwi na ugali, kwamba Kabula hatarudi kwa sababu ya adabu zake. Alisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akaichukua ile ya dhahabu, akaipangusa grisi kwa shati lake, akaondoka nayo. Wiki iliyofuata nilimwuzia mtu mwingine ile nyeusi kwa hasira, na hasira hiyo naijutia.

Kabula hakuwa na simu yake. Walipoongea waliongea kwenye simu ya mzee, katikati ya boma, watu wote wamekaa wanasikiliza. Mara moja Magese alipiga akiwa dukani kwangu. Nilisikia sauti ya Milembe ikipiga kelele huko, kisha ya Kabula ikiuliza, "Unavua?" Magese akajibu, "Navua. Mashine ni nzuri, mwambie baba wabeja sana." Akakata simu, akabaki ameishika tu.

Pamba ikaanza kuvunwa. Malori yakapita barabarani yamejaa marobota, na kwa kila lori lililopita nilimhesabia Magese siku zake. Alikonda. Alikuwa miambani tangu alfajiri, hata siku za mvua. Wanaume wa ufukweni wakaanza kumpa jina, wakamwita Mtalii, eti anasimama na fimbo kama aliyekuja likizo. Kisha wakasema ni mvivu, kwamba baba mkwe amemnunulia mashine kubwa kuliko zote na bado hapati kitu. Maneno hayo yana miguu. Yalifika Bariadi, yakafika Kimali.

Mwezi wa nane mwanzoni, Magese alikuja dukani, akasubiri wateja watoke.

"Baba anakuja kesho," alisema. "Atapita kwako kwanza, najua. Atakuuliza kama mashine ni nzima."

"Na nitamwambia."

"Mama, nakuomba. Mwambie ni nzima."

"Magese, huyo anakuja kumchukua mke wako!"

"Akijua ni mbovu, atajua kwamba alichagua vibaya mbele yangu na mbele yako, na mimi nikamwacha. Mzee wa watu ataiweka wapi sura yake? Atarudi Kimali na aibu hiyo. Baba ni mtu mwema. Atamleta tu Kabula, akiona ninavyojitahidi."

Alikuwa anaamini hivyo. Alisimama mbele yangu na vidole vyake vitatu, anaamini kwamba wema wa mzee utaona jitihada zake bila mtu kumwambia kitu.

Kesho yake mzee Ngeleja akaja. Alikuwa amechoka, na hakukaa. Aliondoa kofia, jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza.

"Mayu, nakuuliza wewe kwa sababu huyu siwezi kumuuliza. Ile mashine niliyompa mkwe wangu, ni nzima?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimelala nalo, nimeamka nalo. Nikafikiri juu ya Magese aliyeniomba, nikafikiri pia juu yangu, kwamba nikisema ni mbovu ataniuliza mbona niliiuza.

"Nzima, mzee," nilisema.

Akavaa kofia yake polepole. "Basi ni yeye," alisema. "Nilikuwa naomba iwe mashine."

Hakwenda hata kwa Magese. Alipanda basi lililofuata. Magese alikuwa amefagia uwanja, amenunua soda mbili, amekaa nje na shati jeupe hadi jua likazama. Mwezi wa tisa ng'ombe walirudishwa. Hawakuja kwake, walikwenda zizini kwa baba yake mdogo aliyekuwa amemtolea mahari. Alibakizwa mmoja kule Kimali kwa ajili ya Milembe, ili akikua ajulikane ni mtoto wa nani. Kabla mwaka haujaisha Kabula akaolewa Shishiyu, na mtu mwenye mashamba ya pamba na trekta la kukodisha. Wanasema alilia sana. Wanasema pia alimlaumu Magese, kwamba alipewa nafasi na hakuitumia. Angejuaje vinginevyo?

Magese akaacha miamba. Siku hizi anabeba magunia ya dagaa na kuchota maji kwa mama lishe wa stendi. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Afadhali angenitukana.

Wiki tatu zilizopita mzee Ngeleja alikuwa anatoka msibani Mkula, akashuka Lamadi kusubiri basi la Bariadi, akaja kukaa kwenye benchi nje ya duka langu. Tulisalimiana. Nilikuwa nimepika, nikamkaribisha. Ndipo Magese akapita na gunia begani.

"Magese!" mzee akaita.

Nilishtuka. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina lile. Magese alisimama, akalitua gunia, akasogea kwa mazoea yake ya zamani, upande, macho chini.

"Njoo ukae hapa."

"Hapa panatosha, baba."

"Kaa. Ng'ombe walisharudi. Wewe si mkwe wangu tena, na mimi si baba yako. Ni watu wawili tu. Mayu, leta sahani moja."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinikata maini. Nikaleta ugali na sato kwenye sahani moja, nikawanawisha. Ilikuwa mara yao ya kwanza kula pamoja. Na kwa kuwa ilikuwa ya kwanza, mzee Ngeleja alikuwa hajawahi kuuona ule mkono kwa karibu. Akauona sasa, ukimega ugali kwa dole gumba na kidole cha pete, tonge linamponyoka Magese, analiokota, linamponyoka tena. Mzee aliacha kula.

"Mkono huo ndio uliokuwa unazungusha ile mashine?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona ilikuwa nzito vile?"

Magese akalirudisha tonge sahanini. Kisha nadhani alikumbuka kwamba sasa anaruhusiwa. Akaanza kusema, taratibu, bila lawama. Alieleza jinsi breki ilivyong'ang'ania, na jinsi mshipi ulivyokatika, meno ya plastiki, mikono ilivyovimba. Alieleza jinsi alivyozipima zote mbili kwenye kitasa cha mlango wangu kabla mzee hajafika. Alizungumza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, na mzee alimsikiliza akimtazama usoni, kama wanavyotazamana watu.

Alipomaliza, mzee akanigeukia. "Mayu, nilikuuliza."

"Uliniuliza, baba. Nilikudanganya."

Hakunigombeza. Alijipangusa uso kwa kofia. "Siku ile dukani," akamwambia Magese, "niliona macho yako yanaitazama ile ndogo. Nikasema moyoni, kama anaitaka atasema. Nikaogopa kukupa kitu kidogo, ukaona nakudharau."

"Ningesemaje, mzee?"

Ngeleja alilijua jibu. Yeye naye aliwahi kuwa mkwe wa mtu. Chakula kilikuwa kinapoa, na nzi wameanza kutua juu ya samaki.

"Kabula hajambo?" Magese akauliza.

"Hajambo. Amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume."

Magese alitikisa kichwa mara mbili tatu, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Akanyanyuka, akanawa mkono, akainama kulipandisha gunia begani.

"Nitampitia Shishiyu nikirudi," mzee akasema. "Hajui. Anadhani hukutaka. Nimwambie?"

"Usimwambie, mzee. Ana mtoto mchanga. Atalia, maziwa yakauke."

Akaenda na gunia lake kuelekea stendi. Mzee Ngeleja alibaki kwenye benchi mpaka basi lake likafika, likasimama, likapiga honi na kuondoka bila yeye.